Chema Chajiuza, Lakini kwa Nani?

(Hotuba ya Katibu, iliyosomwa mbele ya wanachama na wageni katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya Chama chetu)



Wenzetu waliotangulia kusema wamekwisha kueleza habari za mahindi, ngano, mbaazi na vitunguu saumu, nao wamezieleza vizuri kwa hesabu. Sisi tumepewa sehemu iliyo ndogo katika vitabu vya Chama, wala si ndogo machoni petu: habari za mafundi wa vito, yaani wahunzi wanaofua vikuku, pete na mikufu ya shaba, na akina mama wanaotunga na kushona shanga. Tumeombwa tuyakumbuke maonyesho ya kwanza tuliyokwenda.

Tutayakumbuka, lakini si kwa kujifurahisha tu na mambo yaliyopita. Katika mkutano mkuu ujao wanachama watapiga kura juu ya jambo zito. Je, Chama kiendelee kuwapeleka mafundi wenyewe kwenye maonyesho, au vito vyote viuzwe hapa hapa nyumbani kwa mfanyabiashara mmoja wa jumla, naye ndiye avipeleke anakotaka? Kura hiyo si ya leo, na leo ni siku ya furaha. Lakini mwenye kupiga kura yafaa ajue kwanza njia iliyotufikisha hapa.

Ufundi huu haukuzaliwa na Chama, wala haukuzaliwa na maonyesho. Tangu zamani wahunzi wa Kidatoga, wa ukoo uitwao Gidang'odiga, wamekuwa wakiwafulia watu wao na majirani zao. Wafugaji walipata kwao mikuki na vikuku. Wahadzabe wa bonde la Yaeda na wa pande za Ziwa Eyasi walipata vyembe vya mishale, wakalipa kwa asali na nyama. Katika karne ya kumi na tisa misafara ya pwani ilileta bara masango ya shaba na shanga za kioo, na shanga hizo zilikuwa zimekwisha kusafiri mbali, maana zilitoka Venice na Bohemia huko Ulaya. Hata leo shanga ndogo zinazosifiwa na mama zetu kwa kulingana ukubwa na kutochujuka rangi ni zile zitokazo Jablonec, katika nchi ya Cheki.

Shaba yetu ya siku hizi haitoki machimboni. Yatoka katika kufuli bovu, katika koki ya bomba iliyokwisha kazi, na katika waya uliotupwa. Mhunzi huchimba tanuri dogo ardhini na kulijaza makaa, na msaidizi wake hukaa nyuma akivukuta kwa mivukuto miwili ya ngozi ya mbuzi, mmoja ukipanda na mwingine ukishuka, ili upepo usikatike. Shaba nyekundu huyeyuka penye joto la nyuzi 1,085 za sentigredi. Shaba ya manjano, iliyo mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, huyeyuka penye nyuzi 900 na kitu. Sufuria la alumini huyeyuka penye nyuzi 660 tu. Mhunzi hana kipimajoto. Hutazama rangi ya moto na uso wa madini, akajua. Kisha humimina katika kalibu, akangoja ipoe, akaishika kwa koleo, akaiweka juu ya fuawe na kuifua mpaka ipate umbo. Mwisho huchora nakshi kwa patasi, na kusugua kwa tupa na kwa majivu. Kazi ya kikuku kimoja kizuri huweza kula nusu ya siku.

Vito hivyo viliuzwa minadani, Katesh, Haydom, Dongobesh na kwingineko, katikati ya ng'ombe, mbuzi, nguo na moshi wa nyama. Na mnunuzi wa mnadani hakuhitaji kuelezwa neno. Mama wa Kidatoga alikishika kikuku, akakipima uzito kwa mkono, akakitazama kiungo, akajua kama ni kazi ya fundi au ya mwanafunzi wake. Mara nyingi alijua hata ni fundi yupi. Ndiyo sababu wazee walipenda kusema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Minadani methali hiyo ilikuwa kweli tupu.

Basi, Chama kilipoanzishwa, na mafundi wakakubaliwa kuwa wanachama pamoja na wakulima, likazuka neno la kwenda maonyeshoni. Desturi ya maonyesho ni ya miaka mingi duniani. Mwaka 1851 Waingereza walikusanya London kazi za mikono na mashine za mataifa mengi chini ya paa moja la vioo, na watu milioni sita walikwenda kutazama. Kwetu Tanzania serikali iliunda Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, yaani SIDO, mwaka 1973, na moja ya kazi zake ni kuwasaidia mafundi wadogo kupata masoko. Mwaka 1999 mafundi wa Afrika Mashariki walianza kukutana katika maonyesho yao ya Jua Kali na Nguvu Kazi, na ya kwanza yalifanywa Arusha. Maonyesho ya Sabasaba, katika viwanja vya Barabara ya Kilwa, Dar es Salaam, yalifikia mara ya 48 mwaka 2024. Nayo Nane Nane, sikukuu ya wakulima, huwakusanya watu wa Arusha, Kilimanjaro na Manyara kila Agosti katika viwanja vya Themi, Njiro, mjini Arusha.

Neno hilo la kwenda lilipoletwa kikaoni, mzee mmoja wa upande wa Basotu, mhunzi mashuhuri asiyependa kutajwa jina, alilipinga kwa utulivu. Hoja yake ilikuwa ile ile methali: kama kazi yetu ni njema, wanunuzi watakuja, na tukianza kuitembeza, watu watadhani ina kasoro. Hakuna aliyemcheka. Hata hivyo kikao kilikata shauri kwamba watu watatu waende na sanduku moja la vito, ili mambo yajulikane kwa kuonekana na si kwa kubishana.

Safari ya kwanza ilikuwa ya Nane Nane, kule Themi. Wa Hanang walipanda gari Katesh, wakapita Babati. Wa Mbulu walishuka kwa barabara ya udongo, sanduku magotini, kwa kuwa hawakutaka kuliweka juu ya gari pamoja na mizigo mingine. Chama kilikuwa na meza moja tu, na meza hiyo ilikuwa ya mazao. Vikuku vyetu vikawekwa ukingoni, kati ya debe la ngano na mashada ya vitunguu saumu. Hapakuwa na kibao wala bei iliyoandikwa.

Watu walipita kwa mamia. Waliuliza bei ya vitunguu. Wachache waliokiinua kikuku walisema, "Ah, vitu vya Kimasai," wakakirudisha. Wengine waliuliza kama ni dhahabu, na walipoambiwa ni shaba ya kufuli wakacheka. Bibi mmoja mgeni alitaka kukivaa, lakini kilikuwa kimefuliwa mviringo bila mwanya, kwa kipimo cha mkono wa mtu wa kwetu, nacho kikakwama kwenye kiganja chake. Siku ya kwanza hatukuuza hata kimoja. Mpaka siku ya mwisho vilikuwa vimeuzwa vichache mno, na nauli haikurudi.

Tuliporudi, wengi walisema kwamba mzee wa Basotu alikuwa na haki. Yeye mwenyewe hakusema hivyo. Aliuliza swali moja tu: hao watu waliopita mezani walijuaje kwamba kazi ni njema? Hatukuwa na jibu, kwa kuwa hawakujua. Mama wa mnadani amevaa vikuku tangu utoto, na macho yake yamefundishwa. Mtu wa mjini ameona vikuku vya mashine, vyote sawasawa, vya bei ndogo. Mbele yake kazi ya nusu siku na kazi ya dakika moja ni kitu kimoja. Chema chajiuza, naam, lakini kwa ajuaye wema wake. Asiyejua hana budi kuonyeshwa, na neno lenyewe la maonyesho latuambia hivyo.

Kwa hiyo mwaka wa pili tuliomba jambo jipya. Tuliomba nafasi nje, mbali na mahema, penye mchanga, ili mhunzi afue mbele ya watu. Kwanza tulikataliwa kwa sababu ya hatari ya moto, na sababu hiyo ilikuwa ya haki. Tukaahidi ndoo mbili za maji, ndoo ya mchanga, na kamba ya kuwazuia watoto. Tukakubaliwa. Na aliyekwenda safari hiyo alikuwa ni yule mzee wa Basotu, pamoja na mjukuu wake wa kuvukuta.

Ndugu zetu, yaliyotokea twayakumbuka wazi. Mivukuto ilipoanza kulia, watu walikuja kuona ni mnyama gani. Walipoona kufuli bovu likiingia motoni, wakasimama. Walipoona shaba ikimiminwa kama asali, wakanyamaza. Mzee hakusema nao sana. Aliendelea na kazi yake kama aliye uani kwake. Alipomaliza kuchora nakshi akakiosha kikuku na kukiweka mezani, na watu watatu wakakitaka kwa wakati mmoja. Ni kikuku cha namna ile ile kilichorudi nyumbani mwaka uliotangulia. Kilichozidi ni kwamba sasa walikuwa wameuona mkono uliokifanya.

Tangu siku hiyo tulianza kuweka daftari la maonyesho, tukiandika kila jioni mambo tuliyoulizwa. Twapenda kuwatajia machache, kwa kuwa ndiyo faida isiyoonekana katika hesabu ya fedha.

La kwanza ni kipimo. Tulijifunza kufua vikuku vyenye mwanya kidogo, vinavyoweza kutanuliwa na kubanwa, ili vimfae mtu wa mkono wowote. Vile vya mviringo mzima twaendelea kuvifua kwa wateja wetu wa nyumbani, maana wao ndio wenye desturi hiyo, nao hawapaswi kusahauliwa kwa ajili ya wageni.

La pili ni rangi ya kijani. Wanunuzi walirudi mwaka uliofuata wakilalamika kwamba ngozi imekuwa kijani. Hiyo ni tabia ya shaba ikikutana na jasho. Nayo huondoka kwa maji na sabuni, na kikuku chenyewe hung'aa tena kikisuguliwa kwa ndimu na majivu. Twamwambia mnunuzi kabla hajalipa. Wako wanaoghairi. Lakini anayenunua baada ya kuambiwa harudi kwa hasira.

La tatu ni afya. Mgeni mmoja mwenye elimu ya madini aliuona moshi mweupe ukipanda kutoka kwenye shaba ya manjano iliyopashwa moto kupita kiasi, akatueleza kwamba ni zinki inayochemka, kwa kuwa huchemka penye nyuzi 907, na kwamba moshi huo humletea mtu homa na kikohozi. Wazee walikuwa wakiijua homa hiyo, nasi sasa tukajua chanzo chake. Leo kila mhunzi wetu hukaa upande utokako upepo, wala hatuyeyushi risasi ya betri pamoja na madini ya kuvaliwa mwilini.

La nne ni jina. Kuambiwa kwamba kazi zetu ni za Kimasai hakukuwa tusi, maana Wamasai ni jirani zetu na ni mafundi wa shanga wasifiwao. Lakini si kweli. Kwa hiyo kila kito sasa kina kikaratasi kinachotaja fundi, kijiji na wilaya. Na wanunuzi walipowauliza mama zetu maana ya kila rangi ya shanga, tulikubaliana kwamba asiyejua maana aseme kuwa ni pambo tu. Wako wauzaji wanaobuni hadithi kwa kila ushanga, kwa kuwa hadithi huongeza bei. Sisi tuliona kwamba hadithi ya uongo ikishikwa na wageni huturudia kama desturi yetu, na watoto wetu wataisoma kama kweli.

Liko jambo la tano, nalo si la biashara. Wazee wanajua kwamba zamani wahunzi walitengwa. Koo nyingine hazikuoana nao, na ijapokuwa kila mtu alihitaji mkuki na kikuku, aliyevifua hakupewa kiti cha mbele. Hatuji hapa kuwahukumu waliotangulia. Twasema tu tulivyoona maonyeshoni. Mhunzi wa Kidatoga, mama wa Kiiraqw mwenye shanga, na kijana wa mfugaji aliyekuja kutazama ng'ombe wa maonyesho walilala nyumba moja, wakala chungu kimoja, na mchana wakasimama nyuma ya meza moja. Watu waliotoka mbali waliinama kumwuliza mhunzi maswali, nao wakamwita fundi. Kijana yule wa mfugaji aliyaona hayo. Tangu mwaka huo wako vijana wa koo nyingine waliokuja kujifunza kufua, jambo ambalo baba zao wasingalilifikiri.

Sasa twaja kwenye fedha, kwa kuwa wenzetu wa mazao watatuuliza, na wana haki ya kuuliza. Tuchukue mfano wa kuhesabia tu. Bei hupanda na kushuka, na takwimu hizi si za vitabu vya Chama. Tuseme madini, makaa na ujira wa mvukutaji kwa kikuku kimoja ni shilingi 4,000. Mnadani kikuku huuzwa 5,000, na fundi hubakiwa na 1,000. Mfanyabiashara wa jumla atoa 7,000 hapa hapa nyumbani, na fundi hubakiwa na 3,000 bila kuinuka kwenye kigoda. Maonyeshoni kikuku huuzwa 12,000, na baki yake ni 8,000. Lakini nauli, chakula na nafasi ya meza kwa fundi mmoja ni, tuseme, 200,000.

Gawanyeni wenyewe. Akiuza vikuku 28 au pungufu, heri angalikwenda mnadani. Akiuza 40, gharama ni 5,000 kwa kila kimoja, naye amepata 3,000, sawasawa na yule aliyemwuzia mfanyabiashara. Akiuza 100, gharama ni 2,000 kwa kila kimoja, naye abakiwa na 6,000, yaani mara mbili. Basi mfanyabiashara si mwizi, kama wengine wanavyonong'ona. Bei yake ni ya haki kwa mwenye mzigo mdogo, kwa mama mwenye mtoto mchanga, na kwa mzee asiyeweza safari. Tukisema ya kwamba maonyesho huleta fedha nyingi kila mara, tutakuwa tumewadanganya.

Lakini mizani hiyo yapima fedha za mwaka mmoja tu. Haipimi daftari. Kama mwaka ule wa kwanza tungalimpa mfanyabiashara sanduku letu, angaliviuza vichache, na vilivyobaki angalivirudisha au angalivishusha bei. Yeye asingalituambia kwamba kikuku kilikwama kwenye kiganja cha bibi mgeni, wala asingalituletea habari za ngozi ya kijani au za moshi wa zinki. Tungalikuwa bado twafua kile kile, tukishangaa kwa nini hakinunuliwi. Na kikaratasi chenye jina la fundi, je, kingalibaki kwenye kito kikiwa mkononi mwa mtu anayenunua vito kutoka pande nyingi na kuviuza vyote kwa jina moja? Huenda kingalibaki. Lakini sisi tusingalikuwapo kuona.

Wako vijana wetu wasemao kwamba siku hizi simu yatosha: piga picha, ipeleke, fedha ziingie kwa simu vilevile. Twakubaliana nao kwa sehemu, na Chama kinaitumia njia hiyo. Lakini tumetazama ni nani wanaoagiza kwa simu. Wengi wao ni watu waliokwisha kusimama mbele ya moto wetu. Picha humkumbusha aliyekiona kitu. Asiyekiona huona shaba tu, kama walivyoiona wale wa mwaka wa kwanza.

Na liko jambo lililotufundisha thamani ya kufahamiana. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang, vikapita Katesh na vijiji vya jirani, na zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Mlio hapa mnayajua kuliko tuwezavyo kusema, na wengine wenu mlizika. Mungu awarehemu marehemu wetu. Katika majuma yale wateja wa maonyesho walitupigia simu. Hawakuuliza habari za vikuku. Walimwuliza fulani, wakitaja jina lililokuwa kwenye kikaratasi, kama yu hai. Baadaye ndipo wakaagiza, kila mmoja kwa kadiri yake, na mafundi waliopoteza zana wakapata fuawe na koleo mpya. Asiyekujua kwa sura hawezi kukuulizia kwa jina.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, hatuombi mkutano mkuu umkatae mfanyabiashara wa jumla. Twaomba mambo matatu yafikiriwe kabla ya kura.

Kwanza, kila fundi awe huru kumwuzia mfanyabiashara sehemu ya kazi yake, kwa bei itakayoandikwa na Chama kwa maafikiano, na kikaratasi cha jina kisiondolewe.

Pili, kila mwaka Chama kiwapeleke maonyeshoni mafundi wasiopungua wawili, mhunzi mmoja na mshona shanga mmoja, na kila mmoja awe na kijana wa kumsaidia. Wachukue mzigo wa wenzao pia, ili gharama igawanywe juu ya vito vingi. Maana hesabu tuliyoifanya yaonyesha wazi kwamba mzigo mdogo hauwezi kubeba nauli.

Tatu, daftari la maonyesho liendelee, na lisomwe mbele ya mafundi wote wiki ile ile wanaporudi wasafiri. Wanachama wote huchangia safari hiyo, basi na elimu yake iwe ya wote.

Yule mzee wa Basotu sasa hawezi tena safari ndefu. Mjukuu wake, aliyekuwa akivukuta, ndiye afuaye, na vikuku vyake vimo katika kabati lile mlilolipita mlangoni mkiingia. Mzee bado huisema methali yake, nasi hatumpingi. Ila siku hizi, aletewapo kikuku na mwanafunzi, baada ya kukipima kwa mkono huuliza ni nani atakayekwenda kukisimamia.

Twawashukuru wakulima waliokubali tangu mwanzo kwamba shaba na shanga zikae meza moja na ngano. Twawashukuru Maafisa Ushirika wa wilaya zetu mbili kwa mashauri yao, na wake na waume wa mafundi waliolinda nyumba na mifugo wakati wenzao wako safarini. Mungu akibariki Chama chetu kifikie miaka mingine kumi, na wakati huo asimame hapa fundi mwenyewe, si katibu, aseme habari za kazi yake.

Tumemaliza.